Feni Haimezi Maji, Mdogo Wangu

Wadogo zangu, wiki hii nimetumiwa picha mbili na mdogo wetu mmoja anayeishi Des Moines, jimbo la Iowa, kule Marekani. Ameweka hema la kuoteshea mboga kwenye besimenti, kile chumba cha chini ya ardhi ambacho nyumba nyingi za huko zinacho. Picha ya kwanza ni ya ndani ya hema: sukuma wiki, mnavu na mchicha, majani yamenawiri kiasi cha kumtamanisha mtu ayachume papo hapo. Picha ya pili ndiyo iliyonishtua. Nyuma ya hema, pale ukuta wa zege unapokutana na sakafu, kuna madoa meusi yenye vinyweleo, na boksi la nguo za watoto limelowa kitako.

"Dada," ameniandikia, "feni ninayo, tena kubwa, inazunguka usiku na mchana. Shemeji yako anasema ning'oe kila kitu. Nimekosea wapi?"

Shemeji naomba asubiri kidogo. Mtu aliyezoea kuchuma mboga nyuma ya nyumba, leo yuko mahali ambapo udongo unaganda miezi kadhaa na fungu la mnavu halionekani sokoni, hema lile kwake ni sehemu ya nyumbani. Halafu mimi mwenyewe niliwahi kufanya kosa lilelile. Majira ya baridi ya kwanza niliyolima ndani nilifunga feni juu ya hema, nikaelekeza bomba lake humohumo chumbani, nikaona nimemaliza. Ndani ya hema palikuwa pakavu, miche mizuri. Mwezi wa tatu nikavuta godoro la wageni lililokuwa limeegemezwa ukutani. Upande wa nyuma ulikuwa umeota ukungu wa kijani kutoka chini hadi usawa wa magoti, na harufu yake ilikaa puani mwangu siku nzima. Mama angelalia godoro lile alipokuja kunitembelea.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza feni ni kubwa kiasi gani, uliza hivi: hewa inayotoka hemani inakwenda wapi?

Mmea hunywa maji, lakini karibu yote huyatoa tena kwa majani yakiwa mvuke. Kinachobaki mwilini mwake ni kidogo sana, hakifiki hata asilimia 5. Mdogo wangu anasema anamwagilia lita 3 kwa siku. Basi kila siku karibu lita 3 zinapanda hewani. Sasa tazama chumba chenyewe: mita 8 kwa 7, urefu mita 2.2, yaani mita za ujazo 123. Hewa ya nyuzi 16 za Selisiasi ikishiba kabisa hubeba gramu 13.6 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Piga hesabu. Hewa yote ya besimenti ile, ikijaa mpaka haiwezi kupokea tena, inabeba lita 1.7 tu. Na haikuwa tupu tangu mwanzo. Yeye anaitwisha lita 3 kila siku, na feni inazitoa hemani na kuzitupa chumbani. Zitakwenda wapi kama si ukutani?

Ukuta unazipokea kwa sababu ni wa baridi. Umewahi kutoa chupa ya soda kwenye friji ukaiweka mezani, ikatoka jasho? Soda haikuvuja. Ni hewa ya chumba iliyogusa chupa ikapoa, ikashindwa kubeba maji yake, ikayaacha pale. Ukuta wa besimenti umezungukwa na udongo, na pembe ya chini nyuma ya hema ndiyo baridi kuliko zote, kwa kuwa hata hewa haizunguki pale. Ndiyo maana ukungu ulianzia hapo, nyuma ya boksi, mahali ambapo jicho halifiki.

Usiku mambo huwa mabaya zaidi. Taa ikiwaka, hemani mna nyuzi 26, kipimo kinasoma unyevu asilimia 55, moyo wako unatulia. Taa ikizimwa, hewa ileile ikashuka hadi nyuzi 18 bila kutolewa hata tone moja, kipimo kitasoma karibu asilimia 90. Hakuna aliyeongeza maji. Hapo ndipo ubwiri unga unapopata nafasi kwenye majani, na kinyausi kinakata miche shingoni, asubuhi unaikuta imelala kama iliyokanyagwa. Nawaona wengi wakizima feni pamoja na taa ili kupunguza umeme. Msifanye hivyo. Saa mbili au tatu za kwanza baada ya taa kuzimika ndizo saa ambazo feni inahitajika kuliko wakati mwingine wowote.

Kabla hujanunua kitu kingine, pata vipima unyevu viwili vya bei ndogo, kimoja ndani ya hema kwenye kimo cha majani, kingine chini karibu na ule ukuta. Usiviamini hivihivi. Weka kijiko cha chumvi kwenye kifuniko cha chupa, dondoshea maji kidogo mpaka chumvi iwe kama mchanga mbichi, ifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Baada ya saa 12 kipimo kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 70, ujue kinapunja kwa 5, na utaongeza mwenyewe kila unapokisoma. Besimenti isipite asilimia 60. Ikikaa 50 ni bora zaidi. Hemani miche ikiwa bado michanga inastahimili 65 au 70, ila ikishakuwa na majani yanayogusana, shusha.

Halafu fanya jaribio la nailoni. Kata kipande cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike ukutani kwa utepe kingo zote nne, kiache siku mbili. Matone yakitokea upande wa ndani, kati ya nailoni na zege, maji yanatoka ardhini yakipita ukutani, na feni yoyote duniani haitakusaidia. Nenda nje ukatazame mifereji ya paa inamwaga wapi, maji yapelekwe mita 2 hivi mbali na msingi. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni hewa yako mwenyewe. Mdogo wangu alifanya, na matone yalikuwa upande wa chumbani.

Sasa hema lenyewe. Feni ya kutolea hewa ikae juu, kwa kuwa hewa ya joto hupanda, na tundu la kuingizia liachwe wazi chini, upande wa pili, ili hewa ipite mimea yote kabla ya kutoka. Funga zipu utazame kuta: zikivutwa ndani kidogo, sawa. Zikitutumka nje kama puto, hewa yenye mvuke inapenya kila mshono. Hema la mita 1.2 kwa 1.2 lenye kimo cha mita 2 lina mita za ujazo kama 2.9, na ukibadilisha hewa hiyo mara moja kwa dakika umefanya vya kutosha. Ni kama futi za ujazo 100 kwa dakika kwa vipimo vya Marekani, kazi ambayo feni ya inchi 4 inaiweza. Bomba liwe fupi na lililonyooka. Kila kona inakula nguvu. Ndani weka feni nyingine ndogo ya kuchezesha hewa, na isiupigie mmea mmoja usoni. Majani yatikisike kidogo tu, kama ya mti barazani jioni.

Ukiwasha kijiti cha udi ukakishika kwenye tundu la chini, moshi utakuonyesha hewa inavyoingia. Udi huohuo tutauhitaji tena hivi punde, kwa jambo kubwa zaidi.

Kuna njia mbili za kuyaondoa maji nyumbani. Ya kwanza ni mashine ya kukausha hewa, ikae nje ya hema, karibu na pale bomba linapomwaga, na mpira wake wa maji uelekee kwenye tundu la sakafuni ili usisahau kumwaga ndoo. Lita 3 kwa siku ni kazi nyepesi kwake. Angalia tu baridi: nyingi za aina ya kawaida hushika barafu ndani chumba kikishuka chini ya nyuzi 18 hivi, kwa hiyo soma kwenye boksi kama inafaa chumba cha baridi. Njia ya pili ni kutoa hewa nje kabisa kupitia dirisha dogo la besimenti: unaondoa kioo, unaweka ubao wa povu uliotobolewa, unapitisha bomba lililofungwa blanketi la kuzuia joto, na unaliinamisha kuelekea nje ili matone yanayojikusanya humo yasirudi kwenye feni. Wakati wa baridi njia hii inakausha kweli, maana hewa ya nje ya nyuzi 10 chini ya sifuri hubeba gramu 2 na kitu tu za maji kwa mita ya ujazo.

Mimi, kwa nyumba ya mdogo wangu, nachagua mashine. Nisikilizeni vizuri hapa. Hewa unayoisukuma nje lazima ifidiwe na hewa nyingine, na besimenti huivuta popote inapopata. Kama mle ndani kuna tangi la maji ya moto au mashine ya kupasha nyumba joto inayotumia gesi na kutoa moshi kwa bomba la kawaida, feni yako inaweza kushindana na bomba hilo na kuurudisha moshi chumbani. Moshi huo una kaboni monoksidi. Hainuki, haionekani, inaua watu wakiwa usingizini. Washa feni yako, ya jikoni na ya bafuni kwa pamoja, funga madirisha, acha tangi liwake dakika 5, kisha sogeza udi kwenye uwazi ulio juu ya tangi, chini ya bomba. Moshi ukivutwa juu, vyema. Ukisukumwa kuja kwako, zima feni saa hiyohiyo na umwite fundi. Na hata ukivutwa, king'ora cha kaboni monoksidi kiwepo besimenti na kingine karibu na vyumba vya kulala. Sijali mradi wako ni mdogo kiasi gani.

Hewa ya kufidia hutoka pia ardhini, kupitia nyufa za sakafu, na ardhi ya Iowa ina gesi ya radoni nyingi: wilaya zote 99 za jimbo hilo zimewekwa na Shirika la Mazingira la Marekani kwenye kundi la hatari kubwa. Radoni huleta saratani ya mapafu. Kipimo chake ni cha bei nafuu, kinakaa chumbani siku chache kisha unakituma maabara. Pima wakati feni inafanya kazi kama kila siku.

Kiangazi kikija, kanuni inageuka. Mwezi wa saba Iowa mashamba ya mahindi yanatoa mvuke mwingi hewani, mpaka watu wa huko husema mahindi yanatoka jasho. Hewa ya nje ya nyuzi 30 yenye unyevu asilimia 70 inabeba gramu 21 kwa mita ya ujazo. Hewa inayogusa ukuta wako wa nyuzi 17 haiwezi kubeba hata 15. Ukifungua dirisha ukidhani unapunga hewa, umeufungulia mlango ukungu. Funga, washa mashine. Na wakati huo, mdogo wangu, mboga ziko nje bustanini, hema likunje.

Kuhusu ukungu uliokwisha kuota: eneo lako halizidi mita moja ya mraba, unaweza kulisafisha mwenyewe. Vaa barakoa ya N95, glavu na miwani, sugua zege kwa maji na sabuni, kausha siku hiyohiyo. Boksi litupe. Nguo zifue kwa maji moto. Zikibaki na harufu, ziende na boksi. Mwanao, uliyeniambia ana pumu, asishuke chini mpaka pakauke, na kazi hiyo usiifanye yeye akiwa amekaa kwenye ngazi anakutazama. Kama nyumba ni ya kupanga, piga picha kabla ya kusugua na umwandikie mwenye nyumba. Maneno ya mdomo husahaulika. Kisha sogeza hema sentimita 30 kutoka ukutani, na chochote kinachohifadhiwa mle kiwe kwenye ndoo za plastiki juu ya rafu.

Badili pia saa ya kumwagilia. Mwagilia asubuhi taa inapowaka, kwa kuweka maji kwenye sinia la chini, na baada ya nusu saa mwaga yaliyobaki. Nyaya za umeme zining'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone likiteleza kwenye waya lidondoke sakafuni.

Shemeji mpe daftari. Kwa wiki mbili aandike namba za vipimo vyote viwili, asubuhi kabla ya taa kuwaka na usiku saa moja baada ya kuzima, halafu mnitumie. Nikiona kipimo cha ukutani kimekaa chini ya 60 mfululizo, nitawatumia mbegu za bamia, maana hiyo nayo inataka kuanzia ndani.