Emuleta Ikikubali, Pima Tena kwa Chipu Yenyewe

Tambarare ya Kihurio, chini ya milima ya Upare Kusini, ni nchi ya mpunga, na huko si ajabu fundi kijana kuombwa atengeneze kidhibiti cha pampu: swichi ya boya mferejini, waya mrefu, na mikrokontrola ndani ya boksi. Akiijaribu programu mezani kwa emuleta, kifaa kinachoiga chipu ya mikrokontrola, ikakubali, asifunge boksi bado. Emuleta inathibitisha programu, haithibitishi umeme.

Emuleta ya kuchomeka, ile inayokaa mahali pa chipu, mara nyingi pini zake si za chipu ile. Nyuma yake kuna saketi nyingine, kebo, na rezista za mtengenezaji. Chukua pini inayosoma boya. Ndani ya mikrokontrola ya ATmega328P, rezista ya kuivuta pini juu ni kati ya kilo-ohmu 20 na 50. Tuseme ya emuleta ni 4.7. Sasa kiungo cha waya kimelowa tope na kinavujisha umeme kwenda ardhini kama rezista ya kilo-ohmu 30. Kwa volti 5, emuleta itaona volti 4.3, yaani boya liko wazi, hakuna shida. Chipu yenye 35 ndani itaona volti 2.3. Hapo si juu wala chini, kwani ATmega328P inahitaji angalau volti 3 kuhesabu juu na isizidi 1.5 kuhesabu chini. Pampu itawaka na kuzima ipendavyo, na fundi atailaumu programu bure. Dawa ni rezista ya nje ya kilo-ohmu 4.7, ya bei ndogo kuliko nauli ya kwenda Same mjini.

Kristali nayo hujificha. Emuleta ikitumia saa yake, kristali mbovu au kapasita zilizosahaulika hazitajulikana hadi chipu ikae yenyewe.

Kuna njia nyingine ya kuijaribu programu, ya kuingia kwenye chipu yenyewe kwa waya mmoja. Kwa ATmega328P waya huo hupita pini ya riseti. Pini zingine hapo ni halisi, lakini kapasita ya riseti lazima itolewe, na sehemu ya saa huendelea kufanya kazi hata chipu ikilala. Usipime ulaji wa betri kabla ya kuizima njia hiyo.

Mwisho, chomoa kompyuta. Washa boksi kwa betri ileile ya sola itakayotumika, kisha washa pampu huku multimita ikiwa kwenye pini ya umeme ya chipu. Kwa kasi ya megahezi 16, volti ikishuka chini ya 3.8 chipu haina dhamana tena. Weka kinga ya volti ndogo kwenye 4.3, na boksi lifungwe baada ya hapo.