Kikohozi cha Msimu wa Baridi: Hesabu Pumzi Kabla ya Kununua Vidonge

Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hutanda milimani Magamba na Lukozi, milango hufungwa mapema, na familia hukusanyika kwenye moto wa kuni. Mafua ya mmoja huwa ya wote. Kesho yake mama hupita duka la dawa akielekea sokoni, akaomba vidonge vichache vya rangi mbili, "vya kifua".

Tunamwelewa: zahanati iko mbali na milima ni mikali. Lakini mafua na vikohozi vingi huletwa na virusi, na vidonge hivyo, yaani antibayotiki kama amoksilini, huua bakteria tu. Mwaka 2008 watafiti waliwapima watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara: 7 hivi kati ya 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi, 2 hivi wa bakteria. Na kila dawa inapotumika bure, bakteria wanaoihimili ndio wanaobaki na kuzaliana. Siku nimonia ya kweli itakapokuja, dawa hiyo inaweza isifue dafu.

Nimonia hiyo ipo, tena inaua. Virusi huchubua njia ya hewa, kisha bakteria waliotulia puani na kooni hushuka mapafuni. Ndivyo walivyokufa wengi katika mlipuko wa homa ya mafua wa 1918. Mgonjwa akipata nafuu, halafu homa ikamrudia kwa nguvu, awahi kupimwa.

Kwa mtoto, saa ya simu inatosha kukuonyesha dalili ya nimonia. Akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua uhesabu kinavyopanda kwa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa kichanga wa chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi kabla ya mwaka, 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5: hizo ni nyingi mno. Zikifika hapo, au kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, akilegea au kupata degedege, usisubiri ukungu uondoke. Mpeleke.

Asiye na dalili hizo anyonyeshwe zaidi, akishatimiza miezi 6 anywe na vya uvuguvugu, akae mbali na moshi wa jikoni. Asali ni kwa aliyetimiza mwaka. Chanjo ya nimonia hutolewa bure kliniki, wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Ukifika zahanati, mwambie mhudumu idadi ya pumzi ulizohesabu, na usimfiche dawa yoyote uliyokwisha kumpa mtoto.