Pima Pumzi ya Injini Kabla ya Kuishusha
Kijitabu kwa madereva wa bodaboda na mafundi wao

Oili ikianza kuonekana ubavuni mwa injini, dereva wa bodaboda hupewa jibu moja karibu kila gereji: ringi zimekwisha, tushushe injini. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine injini ni nzima, ila imekosa pa kutolea pumzi. Kwa nje matatizo haya mawili yanafanana. Moja litakulazia pikipiki siku kadhaa, ununue pistoni na ringi, uchonge na silinda. Jingine linaisha kwa kunyoosha kipande cha mpira. Hapa tunaeleza jinsi ya kuyatofautisha kwa kifaa ambacho fundi anaweza kukitengeneza mwenyewe kwa mchana mmoja.

Pumzi hiyo inatoka wapi

Chini ya pistoni kuna kasha la kranki. Ndimo kranki inamozunguka na oili inamokaa. Petroli inapowaka juu ya pistoni, gesi kidogo hupenya kwenye ringi na kushuka humo. Hilo hutokea hata kwa injini iliyotoka dukani leo, ndiyo maana kila injini ya aina hii imewekewa mpira wa kupumulia. Kwenye pikipiki nyingi mpira huo unaishia kwenye boksi la chujio la hewa, ili gesi ivutwe tena na kuchomwa.

Ringi zikilika, gesi inazidi uwezo wa mpira. Mpira ukiziba, ukikunjika au ukibanwa, gesi ya kawaida tu inakosa njia. Kwa vyovyote vile presha inapanda ndani, na oili inatafuta penye udhaifu: sili iliyo nyuma ya sproketi ndogo, gasketi ya kifuniko cha klachi, hata uzi wa stiki ya oili.

Katika mafunzo yetu alikuja dereva ambaye injini yake ilikwisha kushushwa mara mbili. Ringi zilikuwa mpya, sili ya sproketi ilibadilishwa mara tatu, na oili bado ilichuruzika hadi kwenye rimu ya nyuma. Tulifunga kipimo cha maji, kifaa tutakachokieleza hapa chini, tukawasha injini. Maji yakasimama kwenye tofauti ya sentimita 22. Tukaanza kuufuata mpira wa kupumulia kwa kidole, kutoka kwenye injini kuelekea nyuma. Ulikuwa umebanwa kati ya fremu na kisanduku cha betri, umelala bapa kama utepe, na pale ulipobanwa ulikuwa na alama nyeupe ya mkunjo. Tulipouachia, maji yalishuka papo hapo hadi sentimita 2. Dereva yule alikaa kimya muda mrefu akiutazama mpira. Kijitabu hiki tumekiandika kwa ajili yake na wenzake.

Levo ya mwashi, kazi ya makanika

Kila aliyejenga nyumba amemwona fundi mwashi na mpira wake mweupe wenye maji. Anashika ncha moja kwenye kona hii, msaidizi anashika nyingine kwenye kona ile, na maji yanasimama usawa mmoja pande zote. Yanafanya hivyo kwa sababu hewa inayagandamiza sawasawa katika ncha zote mbili. Ukiunganisha ncha moja na injini na kuiacha nyingine wazi, maji yatakuonyesha presha ya injini imezidi ya nje, au imepungua, kwa kiasi gani.

Geji ya upepo wa tairi haifai kazi hii. Paundi moja kwenye geji hiyo ni sawa na maji ya kimo cha sentimita 70 hivi. Tairi lenye paundi 28 lingeyasukuma maji karibu mita 20, urefu wa jengo la ghorofa sita. Zile sentimita 22 za dereva wetu ni chini ya theluthi ya paundi, na mshale wa geji usingetikisika. Lakini msizidharau. Kila sentimita moja ya tofauti ni gramu moja inayokandamiza kila sentimita ya mraba ya ukuta wa ndani. Kifuniko cha pembeni chenye eneo la sentimita za mraba 200 kilikuwa kinasukumwa kwa uzito wa karibu kilo nne na nusu, saa zote injini ikiwaka.

Kutengeneza

Tafuta mpira mwangavu kama wa mwashi, wenye tundu la milimita 6 hivi na urefu wa mita 4. Upinde kwa umbo la herufi U kwenye ubao wa mita 1.2, mikono miwili ikisimama sambamba, kila mmoja mita moja. Katikati ya mikono bandika futi kamba ya fundi cherehani. Jaza maji hadi nusu ya kila mkono. Maji meupe yanasumbua macho. Chai ya rangi iliyopoa, isiyo na sukari, inaonekana vizuri na haina gharama.

Kifuniko cha kufunga kwenye injini ndicho kinachotaka uangalifu. Nunua stiki ya oili iliyotumika, inayoingia kwenye uzi wa injini yako, kata ile stiki, toboa kifuniko na uchomeke bomba dogo la shaba kwa gundi ya chuma. Kisafishe kwa petroli hadi chenga zote za chuma ziishe, kisha ukianike mpaka kikauke kabisa, mbali na moto. Chenga moja ikianguka kwenye kranki utakuwa umeleta ugonjwa mpya.

Kati ya injini na ubao weka chupa ya kioo yenye mfuniko wa bati uliotobolewa matundu mawili. Mpira mmoja unaingia kutoka kwenye injini, mwingine unatoka kwenda kwenye ubao, na ncha zote mbili ziishie juu, karibu na mfuniko. Msiiache chupa hii hata kwa kupima mara moja. Ipo injini inayovuta badala ya kusukuma, na pasipo chupa maji yatavutwa moja kwa moja kwenye oili. Oili nayo ikirushwa, itanaswa humo.

Jambo la mwisho ni kuyatuliza maji. Pistoni ya injini ya CC 125 ikishuka inasukuma hewa ya ujazo wa nusu kikombe cha chai, ikipanda inairudisha. Kwa mizunguko 1,400 kwa dakika hilo linatokea zaidi ya mara 23 kwa sekunde, na maji yatatetemeka hata usiweze kuyasoma. Mpira wa dripu, mpya kutoka duka la dawa, una kile kigurudumu cha kupunguza matone: unga kipande chake kati ya chupa na ubao, kisha kibane hadi maji yatulie. Usikibane hadi mwisho, kwa maana hapo maji yatatulia kwa uongo. Wala usiokote mpira uliotumika hospitalini.

Kabla ya kukiamini kifaa, puliza polepole upande wa injini hadi tofauti ifike sentimita 10, kunja mpira karibu na mdomo na uushikilie. Maji yakishuka, kuna mahali panavuja.

Kupima

Endesha pikipiki dakika kumi ili oili ipate moto. Simamisha nje, penye hewa, kwa stendi kubwa, gia ikiwa nyutro. Moshi wa ekzosi una gesi inayoua bila harufu, kwa hiyo msipime ndani ya chumba. Zima injini, toa stiki ya oili, funga kifuniko chako na uuelekeze mpira mbali na ekzosi. Washa. Soma tofauti kati ya mikono miwili. Upande mmoja ukishuka sentimita 4 na mwingine ukipanda 4, presha ni sentimita 8, na hapa wengi hukosea kwa kusoma mkono mmoja tu. Kisha ongeza resi polepole na usome tena. Maji yakikaribia mwisho wa mpira, zima mara moja.

Maji yakichezacheza karibu na sifuri, au yakivutwa kidogo upande wa injini, injini inapumua vizuri. Yakisukumwa sana, chomoa mpira wa kupumulia kutoka kwenye boksi la chujio na upime tena. Presha ikishuka, tatizo liko kwenye boksi: pengine chujio limelowa oili au njia imejaa tope. Isiposhuka, chomoa mpira huo kwenye injini yenyewe. Ikishuka hapo, mpira ndio mbovu. Isiposhuka bado, safisha tundu la kupumulia lilipo kwenye injini. Na kama ni safi, hapo ndipo ringi zinastahili kushukiwa. Hata hivyo usishushe injini kwa ushahidi huo peke yake. Pima kompresheni, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, upime tena. Kompresheni ikipanda waziwazi, ringi au silinda zimelika.

Kamwe usizibe mpira wa kupumulia ili uone presha itafika wapi. Utatoa sili mahali pake.

Ikiwa pikipiki inatoa moshi wa bluu asubuhi inapowashwa, na maji yako karibu na sifuri, angalia sili za valvu kwanza. Na kipimo hiki ni cha injini za viharusi vinne tu, kama nyingi za bodaboda. Pikipiki za zamani za mabwana shamba kama Yamaha AG100, zinazochoma oili pamoja na petroli, hutumia kasha la kranki kuvuta na kusukuma hewa yenye petroli, kwa hiyo presha humo ni sehemu ya kazi yake.

Daftari

Hakuna namba moja inayofaa kila injini, kwa sababu mipira na matundu yanatofautiana. Namba yenye maana kwako ni ile ya pikipiki yako ilipokuwa nzima. Pima siku ambayo haina tatizo lolote, uandike, kisha rudia kila unapobadilisha oili mara ya tatu au ya nne. Mstari mmoja unatosha, kwa mfano: Kilomita 31,240, injini ya moto, bila resi 1, kwa resi 3, mpira umeunganishwa. Chini yake acha nafasi ya mstari unaofuata.