Majaliwa na Mapenzi: Somo Kutoka kwa Mabibi Wawili wa Pwani



Liko neno moja linalosikika sana katika milima yetu. Kijana akishindwa mtihani husema, "Ni majaliwa." Msichana akikatizwa masomo ili aolewe, jamaa zake husema, "Ni majaliwa." Mto Nyamwamba ulipofurika mwaka 2013, na tena mwaka 2020, ukaiharibu hata hospitali ya Kilembe, wako waliosema neno lilo hilo.

Mwanafunzi mmoja niliyepata kumfundisha aliacha shule muhula mmoja kabla ya mtihani wake wa mwisho, akavuka mpaka kumfuata mpenzi wake. Nilipokutana naye sokoni Mpondwe nilimwuliza kwa nini hakungoja kidogo. Akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, kilichoandikwa kimeandikwa." Siku ile sikuwa na jibu. Somo hili ndilo jibu langu, ingawa limechelewa.

Maneno yenyewe

Kwanza na tuyatazame maneno, maana mtu asiyejua maneno yake hutawaliwa nayo.

Majaliwa latokana na kujalia, yaani kumpa mtu kitu kwa ukarimu. Basi majaliwa ni yale aliyopewa mtu bila kuyachagua: wazazi wake, nchi yake, zama zake, afya yake. Ajali ni neno lililotoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni muda uliowekwa wa mwisho wa uhai wa mtu. Siku hizi twalitumia zaidi kwa magari yanayogongana barabarani, lakini maana ya kale haijafa.

Neno la tatu ni mapenzi, nalo lina maana mbili. Kwanza, ni hali ya kupendana. Pili, ni nia au matakwa, kama vile Wakristo walitumiavyo katika Sala ya Bwana wanaposema juu ya mapenzi ya Mungu. Kumbe katika Kiswahili kupenda na kutaka ni ndugu wa tumbo moja! Mtu asemaye ana mapenzi, asema pia kwamba ana nia. Shikeni jambo hili, kwani tutalirudia.

Sasa tutawasoma mabibi wawili wa pwani. Msiseme pwani ni mbali. Kiswahili tunachonunulia samaki Mpondwe kilifika Kongo ya mashariki pamoja na misafara ya Unguja iliyotafuta pembe za ndovu na kuchukua watumwa katika karne ya 19. Mabibi hawa waliishi katika karne hiyo hiyo, na habari zao zimo katika ukoo wa lugha yetu.

Mwana Kupona

Mwana Kupona binti Msham alikuwa mtu wa Pate, kisiwa kilicho kaskazini mwa pwani ya Kenya. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa mji wa Siyu katika kisiwa hicho. Bwana Mataka hakukubali kutawaliwa na Seyyid Said, Sultani wa Unguja, akapigana naye kwa miaka mingi. Basi Mwana Kupona aliishi katika nyumba ya vita. Mwaka 1856 mumewe akafa, akamwacha na watoto wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume.

Mwaka 1858 Mwana Kupona mwenyewe alikuwa mgonjwa, na aliona kwamba huenda asipone. Binti yake, Mwana Hashima, alikuwa kijana. Mama maskini angefanya nini? Mali hukwisha, na jamaa hutawanyika. Alimwita binti yake asogee na wino na karatasi, akamtungia utenzi. Utenzi huo una beti zaidi ya 100. Kila ubeti una mistari minne yenye mizani minane; mistari mitatu ya kwanza ina kina chake, na mstari wa nne una kina kinachorudi katika utenzi mzima. Umbo hili lilimsaidia binti kuyahifadhi moyoni maneno ya mama yake. Mwana Kupona alifariki karibu na mwaka 1860.

Utenzi wamfundisha binti dini, adabu, ulimi mwema, usafi wa nyumba, na namna ya kuishi na mume. Mama amkumbuka pia marehemu mumewe, na jinsi walivyoishi kwa furaha bila kutiliana shaka hata mauti yalipowatenga. Wako wasomaji wa leo, hasa wasichana, wanaoudhika kwa kuwa mke aamriwa kumtii mume kupita kiasi. Nao wana haki ya kuuliza. Wengine wajibu kwamba mama aliijua dunia ya wakati wake, akampa bintiye hekima ya kuishi ndani yake salama. Mimi nawaachia ninyi hukumu hiyo. Ninachotaka mkione ni hiki: ugonjwa ulikuwa majaliwa yake, utenzi ulikuwa mapenzi yake. Ugonjwa hakuuchagua. Utenzi aliuchagua, na leo, zaidi ya miaka 160 baadaye, ugonjwa umesahauliwa, utenzi bado wasomwa.

Seyyida Salme

Mwaka ule ule wa 1856 aliokufa Bwana Mataka, adui yake Seyyid Said naye alikufa, akiwa safarini baharini kutoka Omani. Miongoni mwa watoto wake wengi alikuwamo binti mmoja aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Jina lake Salme. Mabinti wa jumba walifundishwa kusoma, lakini si kuandika. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri, akiyafuatisha maandiko ya Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia uliotumika kama ubao.

Kalamu ile ilimwingiza katika taabu mapema. Mwaka 1859 ndugu yake Barghash alipofanya njama ya kumpindua ndugu yao mkubwa, Seyyid Majid, Salme aliyekuwa na umri wa miaka 15 ndiye aliyewaandikia barua. Njama ikashindwa. Baadaye aliishi mjini karibu na nyumba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, wakapendana. Alipokuwa mja mzito, maisha yake yaliingia hatarini. Mwezi wa Agosti mwaka 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume. Mwaka 1867 alibatizwa, akapewa jina la Emily, akaolewa na Ruete, wakaenda zao Ujerumani. Mtoto yule alifariki njiani.

Huko Hamburg walipata watoto wengine watatu. Kisha, mwaka 1870, Heinrich aligongwa na tramu, akafa. Hapa neno ajali lina maana zake zote mbili kwa pamoja. Salme akabaki mjane katika nchi ya baridi, na watoto watatu, lugha ngeni, na fedha chache. Mwaka 1885 alirudi Unguja akitumaini kupatana na nduguye na kupata urithi wake. Aliyekuwa Sultani wakati huo ni Barghash, yule yule aliyemwandikia barua zamani. Barghash alikataa kumwona. Salme alijaribu tena mwaka 1888, asifanikiwe. Alifariki Ujerumani mwaka 1924.

Lakini mwaka 1886 alikuwa amekwisha kutoa kitabu cha maisha yake, kwa Kijerumani. Alianza kukiandika kwa ajili ya watoto wake, ili waijue asili ya mama yao. Kitabu hicho kina kasoro zake. Salme alilelewa na watumwa, na katika kitabu chake autetea utumwa. Sisi ambao misafara ya Unguja ilipita jirani na milima yetu hatuwezi kuusoma ukurasa ule na kunyamaza. Kumpenda mwandishi si kukubali kila neno lake.

Iko pia picha yake iliyopigwa Hamburg baada ya kuolewa kwake. Mitaani huko alivaa nguo za Kizungu kama mabibi wengine, lakini mbele ya mpiga picha alivaa mavazi ya binti wa kifalme wa Unguja. Tazameni mtakapoiona. Mwenye kusema kwamba Salme alijutia mapenzi yake ataonyesha mavazi yale, na mwenye kusema hakujuta ataonyesha mji ule. Mimi naona mtu aliyekataa kuchagua nusu ya nafsi yake. Picha njema, kama shairi jema, haimalizi maneno yote.

Twajifunza nini?

Kwanza, tofauti ya mabibi hawa ni kubwa. Mmoja alikaa kwao, akashika desturi ya wazee. Wa pili aliondoka, akaivunja. Nyumba zao zilikuwa na uadui. Lakini yako mambo waliyofanana. Wote wawili waliachwa wajane, wote wawili walikuwa na watoto, na wote wawili walipoona majaliwa yamewabana, walishika kalamu ili watoto wasibaki gizani.

Pili, hakuna kati yao aliyeandika, "Imeandikwa," kisha akakunja mikono. Wote wawili walikuwa watu wa dini na waliamini kwamba yako mambo yasiyo mikononi mwa mtu. Lakini kuamini majaliwa si kuyafanya kichaka cha kujifichia. Mto ukifurika, hayo ni majaliwa. Kumchukua mzee wa jirani mgongoni mpaka mahali pakavu, hayo ni mapenzi, na kwa hayo mtu aweza kuulizwa siku moja.

Tatu, mapenzi yana gharama, na mpendaji wa kweli huijua gharama hiyo, wala hamtwishi mwingine kwa jina la majaliwa. Salme aliyalipia mapenzi yake miaka 50 na zaidi, wala kitabu chake hakituombi tuone kwamba hakuwa na la kuchagua. Alichagua. Huenda alikosea, huenda alipatia, lakini alichagua.

Na sasa narudi kwa yule mwanafunzi wangu. Ndugu yangu, ikiwa gazeti hili litakufikia huko ng'ambo, jibu langu ni hili. Kumpenda mtu si kosa, wala sikulaumu kwa kupenda. Lakini hukuwa umeandikiwa kuacha shule. Uliandikiwa kuzaliwa mlimani, katika nyumba ya jembe, na karo iliyopatikana kwa kuuza kahawa na mbuzi. Kuondoka ulikutaka mwenyewe, na kwa kuwa ulikutaka mwenyewe, kurudi nako ni kwako. Mtihani hufanywa kila mwaka. Na kama mpenzi wako akupenda, atakuwa wa kwanza kukushikia taa usome.

Ninyi wanafunzi wa zamani, nawaomba jambo dogo. Andikeni. Wengi wenu mna watoto ambao hawajui mlivyokutana na mama zao, wala mlivyopita katika miaka ya taabu ya nchi hii. Mwana Kupona alikuwa na wino, karatasi, na mwili mgonjwa. Salme alianza kwa mfupa wa ngamia. Sisi tuna udhuru gani?

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya majaliwa na mapenzi. Toa mfano mmoja kutoka nyumbani kwenu.

2. Je, Mwana Kupona alimpa binti yake minyororo au ngao? Toa sababu mbili kwa kila upande kabla ya kutoa hukumu yako.

3. Salme alimsaidia Barghash mwaka 1859, naye Barghash akamkataa mwaka 1885. Andika barua fupi ambayo Barghash angaliweza kumwandikia dada yake.

4. Mwulize mzee mmoja wa kwenu jambo aliloliita majaliwa katika ujana wake. Mwulize pia, bila kumvunjia heshima, ni sehemu gani ya jambo hilo aliyoichagua mwenyewe. Andika jibu lake kwa lugha yake, kisha kwa Kiswahili.