Kona ya Dada: Mwovu Usimpe Pembe

Mdogo wangu wa Mang'ola, hadithi yako nimeisoma yote, na barua uliyoiambatanisha nimeirudia mara mbili. Mambo machache nimeyabadilisha hapa ili usitambulike. Umeandika kisa kifupi cha mjane aliyenyang'anywa majaruba yake ya vitunguu na ndugu wa mume. Siku ya arobaini akawapikia pilau, wakala, na kabla jua halijazama wote wakawa maiti. Umekituma kwenye kundi la WhatsApp la wapenda hadithi, ukasifiwa sana. Kisha mama mkwe wako akakuuliza mbele ya watu, "Huyo mjane ni nani?" Tangu siku hiyo usingizi umekukimbia, na unaniuliza kama una roho mbaya, na kama uache kuandika.

Kwanza nakupa pole ya kufiwa na mume. Katika sifa zote ulizopewa kundini, sikuona aliyekupa pole.

Usiache kuandika, na roho mbaya huna. Mtu akidhulumiwa akanyimwa hata pa kulalamikia, moyo hutafuta mahali pa kuiweka hasira, na wewe umeiweka kwenye karatasi. Wengine huiweka kwenye panga. Hadithi za mauaji na kisasi tumezisoma tangu zamani. Faraji Katalambulla alitupa Simu ya Kifo mwaka 1965, na Elvis Musiba akatupa mpelelezi Willy Gamba katika Kikosi cha Kisasi, vitabu vilivyopita mkono hadi mkono mpaka majalada yakachanika. Ila mle uovu una magenge na bastola, na mpelelezi hodari anausaka. Wewe una kitu kigumu zaidi: uovu unaokaa nyumba moja nawe, unaokuamkia asubuhi na kukuuliza watoto wameamkaje. Euphrase Kezilahabi aliugusa huo katika Rosa Mistika, mwaka 1971. Zakaria, baba yake Rosa, hakuwa jambazi. Alikuwa baba wa nyumbani, mlevi, mwenye mkono mwepesi wa kupiga, na maangamizi ya binti yake yakaanzia pale pale kwenye ukali wa baba. Kitabu kilizuiwa kisisomwe shuleni. Nadhani kilichowauma watu si mapenzi yaliyomo tu. Kiliwaonyesha mlango wa nyumba zao.

Sasa nikuambie palipolegea, maana umeniita dada na dada hasifii tu.

Shemeji yako wa kwenye hadithi ana macho ya damu tangu mstari wa kwanza. Anacheka usiku, anatembea na mganga, mbwa wanamkimbia. Msomaji akimwona anajua huyu ni shetani, na akifa anapiga makofi na kusahau. Hatishi, kwa sababu hakuna anayemfahamu mtu wa namna hiyo. Kwenye barua yako, lakini, uliandika habari moja kama vile haina uzito. Uliandika kwamba shemeji ndiye aliyesimamia msiba. Ndiye aliyetafuta turubai na viti, ndiye aliyekaa mezani na daftari la rambirambi, akilowesha kidole gumba kwa ulimi na kuhesabu noti mojamoja, akisoma majina kwa sauti ili kila aliyetoa asikie ametajwa. Watu wakasema huyu kweli ni ndugu. Usiku wa pili, wewe umekaa kwenye mkeka umefunika kichwa, akaja akachuchumaa karibu nawe, akakuomba kwa sauti ya chini ufunguo wa sanduku la marehemu, "ili vitu visipotee." Ukampa. Hati ya shamba ilikuwa mle.

Mdogo wangu, hiyo ndiyo hadithi yako. Maneno hayo matatu yamenitisha kuliko maiti zako zote. Mwache shemeji awe vile vile alivyo: mtu wa kanisani, mwepesi kwenye misiba ya wenzake, anayepakia lumbesa kwa mkulima mnyonge halafu jioni anamnunulia soda mtoto wa mkulima huyo huyo. Mimi naamini mtu wa namna hiyo hajioni mwovu hata kidogo. Akilala analala kweli. Moyoni ana maelezo yake: mwanamke ataolewa kwingine, ardhi ni ya ukoo, mimi nailinda. Yaandike maelezo hayo vizuri mpaka msomaji akaribie kukubali, kisha umwache ajishtukie.

Nikupe mfano wa mwandishi aliyeiweza kazi hii. Kijana kutoka Uingereza aitwaye Roald Dahl aliletwa Dar es Salaam mwaka 1938 na kampuni ya mafuta ya Shell, akaondoka vita vilipoanza akawa rubani. Baadaye aliandika visa vifupi vya giza, na kimoja, cha mwaka 1953, kinahusu mke mjamzito wa askari mpelelezi. Mume anarudi kutoka kazini, anamwambia anamwacha. Mke anachukua paja la kondoo lililoganda kwenye friji, anampiga nalo kisogoni, mume anafariki. Kisha analiweka paja kwenye oveni, na askari waliokuja kuchunguza wanaandaliwa na kulila. Lakini angalia Dahl alipokaa muda mrefu. Kabla ya kwenda dukani kujitafutia ushahidi kwamba hakuwapo nyumbani, mama huyu anakaa mbele ya kioo na kujizoeza kutabasamu na kuongea kwa sauti yake ya kila siku. Hapo ndipo mwili unasisimka. Wewe mjane wako umemrusha kutoka kilio hadi sufuria kwa aya moja. Nataka nimwone sokoni akichagua mchele. Nataka nimsikie akimjibu muuza viungo aliyempa pole, huku anajua hivyo viungo ni vya nini.

Jambo la pili ni zito, na hapa naomba unisikilize kama dada yako wa tumbo moja. Kwenye hadithi yako kuna bibi kizee anayempa mjane ile dawa iliyotiwa kwenye pilau. Umemwandika macho mekundu, anaishi peke yake, kijiji kinamwogopa, na mwisho umemfanya ndiye chanzo cha mauaji yote ya ukoo ule. Mtoe.

Wewe unaona ni pambo tu la kutia hofu. Nchi hii imezika bibi wengi kwa pambo hilo. Kule Usukumani, kwa miaka mingi, vikongwe wamekatwa mapanga vitandani kwao kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho hayo yaliharibiwa na moshi wa kuni waliopikia wajukuu. Kabla ya panga palikuwa na hadithi. Mtu alifiwa na mtoto, akaenda kwa mpiga ramli, akaelezwa kisa chenye mhalifu ndani yake, na mhalifu akawa jirani mzee asiye na mtu wa kumtetea. Serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi mwaka 2015, na Sheria ya Uchawi, iliyopo tangu 1928, inamfanya mkosaji hata yule anayemtuhumu mwenzake kuwa ni mchawi. Kila mwandishi anayemweka kikongwe mwenye macho mekundu kama kisima cha uovu anaichochea imani ile ile, hata kama anaandika akiwa Mang'ola na hajawahi kufika Shinyanga.

Ukitaka kulielewa vizuri jambo hili huna haja ya kwenda mbali. Pita lango la Lodoare, panda hadi ukingoni uangalie chini kreta ya Ngorongoro. Zamani, watu waliofika alfajiri walimkuta simba juu ya mzoga na fisi wamemzunguka wakisubiri, wakasema fisi ni mwizi, simba ni mwindaji. Miaka ya 1960 mtafiti Hans Kruuk alikaa Ngorongoro akiwafuata fisi usiku kwenye mbalamwezi, na alichokiona alikichapisha kitabuni mwaka 1972. Mara nyingi fisi ndio walioua usiku, na simba alikuja baadaye akawafukuza kwenye mawindo yao. Ushahidi wa asubuhi ulikuwa umewageuzia watu kesi. Na fisi ndiye tunayemsimulia kuwa kipando cha wachawi! Sasa rudi kwenye hadithi yako ujiulize: nani kakaa juu ya mzoga asubuhi, na watu wote wakamwona ni halali yake?

Kuhusu kisasi chenyewe. Maiti za mezani ni nyingi mno na zimekuja haraka mno. Unaishi kati ya watu wanaojua kisasi cha polepole. Kwa Wairaqw na kwa Wamaasai laana ya wazee inaogopwa kuliko mahabusu, na nguvu yake ni kwamba haina tarehe. Aliyelaaniwa anaendelea kula na kuoa na kuuza ng'ombe, lakini ndama akifa anajiuliza, mvua ikipita shamba lake anajiuliza, mtoto akikohoa usiku anaamka. Jaribu hadithi ambayo mjane hapiki kitu chochote kibaya. Anapika pilau safi kabisa, anawakaribisha, anakaa, anawatazama wakila, yeye hali. Shemeji anaweka kijiko chini. Halafu miaka inapita. Mimi hiyo ningeisoma nikiwa nimewasha taa zote.

Unaweza pia kuacha swali wazi. Hemingway aliyewinda huku kwetu mwishoni mwa 1933 na mwanzoni mwa 1934, hadi Ziwa Manyara, aliandika baada ya safari hiyo kisa cha mke aliyemfyatulia risasi mumewe porini wakati nyati anawashambulia. Kilitoka 1936, na wasomaji wanabishana mpaka leo kama alimlenga nyati au mume.

Sasa tuongee ya dunia hii. Mama mkwe amejitambua, au amemtambua mwanawe, na wengine watamtambua pia. Kisa kikiwa na jina la kitongoji chenu, idadi ile ile ya ndugu na gari la rangi ile ile, shemeji anaweza kukushtaki, na tunayo pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifute kundini. Badilisha mahali, zao, ukoo, umri. Uchungu utabaki, na uchungu ndio uliowafanya wakusifu.

Na shamba lile, wewe na watoto mna haki ya kulidai. Nenda Mahakama ya Mwanzo ukafungue mirathi, ukiwa na cheti cha kifo. Wakikwambia ni lazima ukoo ukubali kwanza, usirudi nyumbani. Muulize karani utaratibu wa mjane aliyenyimwa kikao cha ukoo, na tafuta msaidizi wa kisheria. Tangu sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017 wasaidizi hao wanatambulika rasmi na huduma yao ni bure. Wakikutishia kukupiga, Dawati la Jinsia na Watoto lipo kituo cha polisi. Nakuomba pia jambo moja: ukijikuta unahesabu vipimo vya ile dawa wakati kalamu haipo mkononi, usikae peke yako na mawazo hayo. Mwite dada, mwite mchungaji, nenda hospitali useme hulali. Hakuna aibu.

Nimebakiwa na nafasi kidogo, na ni yako wewe kijana wa bodaboda wa Karatu mjini. Hadithi yako ina kurasa mbili tu. Mtu anapigiwa kelele za mwizi karibu na mnada, umati unajaa, mhusika wako anasimamisha pikipiki, anaokota jiwe, anarusha moja tu, anaondoka kuwahi abiria. Kesho yake gazeti linasema kijana ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Mhusika wako anamsomea abiria habari hiyo kwenye simu, na abiria anasema, "Afadhali." Unaniuliza kama uandike "yeye" au "mimi".

Andika "mimi". Kisa chako ndicho bora nilichokipokea mwaka huu, na sijakisoma tena kwa sababu kiliniumiza. Magazeti yetu yamezoea kuuandika umati usio na jina hata moja, na wewe umempa mmoja wao mikono, kofia ngumu na abiria anayesubiri. Usimwongezee mzimu wa marehemu anayemtokea barabarani kama ulivyopendekeza mwishoni. Mwache aendelee kubeba watu.

Lakini kama umeandika kilichotokea, na kama jiwe lile lilitoka mkononi mwako, basi hadithi haitoshi na mimi sitoshi. Yule kijana ana mama. Tafuta wakili kwanza, umweleze yote, kisha aende nawe polisi. Kama una padri au shehe unayemwamini, anzia kwake usiku huu. Niandikie tena, hata bila jina. Nitakujibu kabla ya mtu mwingine yeyote.