Kuachilia Hasira: Mazoezi ya Utulivu kwa Mgonjwa na Mhudumu

Mama mwenye shinikizo la juu la damu amefika kliniki alfajiri. Sasa ni saa tano, na faili lake halijaonekana. Muuguzi aliye dirishani, ambaye tangu asubuhi hajapata hata nafasi ya kunywa chai, anamjibu kwa mkato. Sauti zinapanda. Dakika mbili baadaye mama huyo anapimwa, na kipimo kinaonyesha 182 kwa 108. Je, daktari amwongezee dawa?

Mfano huu umebuniwa, lakini kila aliyehudumu au kutibiwa katika kliniki yenye msongamano atautambua. Hapo hasira si suala la tabia pekee. Imekwisha kuwa suala la tiba.

Hasira mwilini

Hasira ni hisia ya kimaumbile. Humtanabahisha mtu kwamba ameonewa, amedharauliwa au amezuiliwa haki yake. Ubongo unapotambua tishio, huamsha tezi zilizo juu ya figo, nazo humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, misuli hukaza na pumzi huwa fupi. Maandalizi hayo humfaa mtu katika hatari ya muda mfupi. Yakirudiwa kila siku, huuchosha mwili.

Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2024, uliohusisha watu wazima 280 wenye afya, baadhi yao waliombwa kukumbuka kwa dakika 8 tukio lililowahi kuwakasirisha. Uwezo wa mishipa yao ya damu kutanuka ulipungua, na athari hiyo ilidumu hadi dakika 40. La kuzingatia ni kwamba wakati huo hakuna aliyewakosea. Kumbukumbu peke yake ilitosha. Tafiti nyingine zimeonyesha kuwa uwezekano wa kupatwa na mshtuko wa moyo huongezeka katika saa 2 zinazofuata mlipuko wa hasira. Waliosema hasira hasara hawakukosea.

Si kumeza, wala si kulipuka

Wengi hudhani zipo njia mbili tu. Ya kwanza ni kuimeza hasira, ambayo mara nyingi huzaa kinyongo. Ya pili ni kuitapika kwa kufoka au kupiga vitu ili moyo upoe. Uchambuzi wa tafiti 154, uliochapishwa mwaka 2024, ulibaini kwamba mambo yanayoutuliza mwili, kama kupumua taratibu na kutafakari, hupunguza hasira, ilhali yale yanayouchochea mwili kwa jumla hayaipunguzi.

Ipo njia ya tatu, nayo ni umakinifu: kuielekeza fikra kwenye kinachotokea sasa, mwilini na moyoni, bila kukihukumu wala kukikimbia. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mafunzo ya aina hiyo kwa wagonjwa, na mafunzo hayo ya wiki 8 yameenea katika nchi nyingi.

Hatua za kufuata

1. *Kutua.* Kabla ya kujibu, mtu akanyage sakafu kwa miguu yote miwili na kuihisi. Si lazima afumbe macho.

2. *Kuitaja hisia.* Ajisemee kimoyomoyo: "Hasira imenipanda." Kiswahili chenyewe kinafundisha hapa, kwani kilichopanda huweza kushuka.

3. *Kupumua taratibu.* Avute pumzi kwa puani akihesabu hadi 4, aitoe akihesabu hadi 6, kwa dakika 3 hadi 5. Akihisi kizunguzungu, arudie kupumua kwa kawaida.

4. *Kuukagua mwili.* Alegeze taya, mabega na viganja, kimoja baada ya kingine.

5. *Kutenganisha tukio na tafsiri.* "Faili halijaonekana" ni tukio. "Wananidharau" ni tafsiri. Huenda ni kweli, huenda si kweli, na inahitaji kuulizwa.

6. *Kuchagua la kutenda.* Sasa aseme anachohitaji kwa sauti ya kawaida. Kuachilia hasira si kuachilia haki: faili bado lazima litafutwe.

Wajibu wa mhudumu

Hatua hizo zinamhusu pia muuguzi. Akishatua, anaweza kusema: "Shikamoo mama. Pole kwa kusubiri. Faili lako linatafutwa. Keti hapa upumzike, kisha nitakupima upya." Mgonjwa akae kimya kwa dakika 5, mgongo ukiegemea, miguu ikiwa sakafuni na mkono ukiwa umeegeshwa usawa wa moyo. Apimwe angalau mara mbili, kwa kupishanisha dakika 1 au 2. Kipimo kikishuka, ameepushwa na nyongeza ya dawa asiyoihitaji. Kikibaki juu, daktari ataamua kwa msingi ulio imara.

Hata hivyo, mwenye maumivu ya kifua, anayepumua kwa shida, aliyelegea upande mmoja wa mwili au ambaye maneno yanamkwama, asiambiwe apumzike kwanza. Hiyo ni dharura.

Mipaka ya mazoezi

Mazoezi haya hayachukui nafasi ya dawa za shinikizo la damu. Tena, mtu ambaye hasira humfikisha kwenye kupiga wengine, kulewa au kutaka kujidhuru anahitaji msaada wa mtaalamu wa afya ya akili. Na anayekasirika kwa sababu anapigwa nyumbani anahitaji ulinzi. Kumfundisha kupumua pekee ni kumtelekeza.

Kwa wengine wote, siri ni mazoea. Dakika 10 kila siku, wakati moyo umetulia, huuandaa mwili kwa saa ya mtihani. Asiyewahi kujizoeza akiwa nyumbani atapata tabu kuzikumbuka hatua hizi akiwa dirishani, mbele ya foleni ndefu, hasira ikiwa imekwisha kumpanda.