Kulehemu, Kuunga kwa Shaba na Kuchomelea



Mtu akivunjikiwa na chombo humpelekea fundi na kumwambia, "Niungie." Neno ni moja, lakini kazi ni tatu, na asiyezijua aweza kulipa fedha yake mara mbili. Somo letu safari hii latoka mbali na mikarafuu, kule Songea, Mkoa wa Ruvuma, mji ulio kiasi cha kilomita 950 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Huko kuagiza kipuri ni nauli na siku za kungoja, basi watu hutengeneza walicho nacho. Karibu na mji, kiasi cha kilomita 24, ndipo ilipo Peramiho, ambako Wabenediktini waliweka kituo chao mwaka 1898, na ufundi ukafundishwa pale miaka mingi.

Kazi ya kwanza ni kulehemu. Lehemu ya kawaida ni mchanganyiko wa bati na risasi. Bati hapa si lile la kuezekea, ambalo ni chuma kilichopakwa zinki, bali ni madini meupe laini. Ukichanganya sehemu 60 za bati na 40 za risasi, lehemu huyeyuka kwenye joto la nyuzi 190 hivi tu, na vitu vinavyoungwa haviyeyuki hata kidogo. Lehemu huvishika kama gundi. Yafaa kwa nyaya za redio, tangi la kandili na vyombo vya bati visivyokaa motoni. Lakini risasi ni sumu, nayo hukaa mwilini, na mtoto hudhurika kuliko mtu mzima, hata akili yake. Kwa hiyo birika la maji ya wachumaji, au sufuria ya uji, isiunganishwe kabisa kwa lehemu yenye risasi. Iko lehemu isiyo na risasi, ya bati na shaba kidogo, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 227. Takeni hiyo, ijapokuwa bei yake ni kubwa.

Kazi ya pili ni kuunga kwa shaba, nayo naona ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Mpaka wake na kulehemu ni nyuzi 450: ikiwa kiungio chayeyuka juu ya hapo, hiyo si lehemu tena. Fundi hupasha vipande mpaka vikawa vyekundu, hutia boraksi ili kusafisha kutu ya moto, kisha hugusisha ufito wa shaba ya manjano, ambao huyeyuka kwenye nyuzi 900 hivi. Shaba hiyo huvutwa yenyewe ndani ya ufa mwembamba, kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Ufa ukiwa mpana haivutwi vizuri, ndiyo maana fundi mwema hukaa sana na tupa kabla ya kuwasha moto. Baiskeli nyingi za zamani, zile nzito za kubebea magunia, ziliungwa hivi penye maungio ya fremu.

Chukueni mguu wa cherehani. Huo ni chuma cha kutupwa, chenye kaboni nyingi, asilimia 2 hadi 4. Fundi akiuchomelea kwa haraka, mahali pamoja hutanuka kwa joto na pengine pote pamebaki baridi, ukipoa husikia "ta!" nao umepasuka pembeni ya kiungo kipya. Kwa shaba joto ni dogo zaidi na chuma chenyewe hakiyeyuki, basi kiungo hudumu.

Kuchomelea, kazi ya tatu, ni kuyeyusha vyuma vyenyewe, nyuzi 1,500 hivi, vikachanganyika vikawa kitu kimoja. Hufanywa kwa umeme au kwa gesi, na ndiyo inayofaa kwa lango, kitanda na fremu ya toroli. Nguvu yake ni kubwa, na hatari yake pia. Mwanga wake huchoma macho hata ya mtoto anayetazama kutoka kando, na maumivu huja usiku. Bati la zinki likichomelewa hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka. Wengi husema maziwa ni dawa yake, nayo si dawa. Lililo baya zaidi ni pipa lililokuwa na petroli: hata likikaa tupu miezi mingi, mvuke waweza kuwamo, na moto ukiligusa hulipuka na kuua.

Kazi ikiisha, itazameni wenyewe. Lehemu ni nyeupe na hukwaruzika kwa kisu. Shaba huacha mstari wa manjano. Mchomeleo huwa na mawimbi kama magamba ya samaki, rangi ni ya chuma chenyewe. Ukiona vitundu vitundu, mrudishieni fundi kabla ya kumlipa.